Mahindi kwa Mifugo: Punje kwa Kuku, Pumba kwa Ng'ombe, Bua kwa Kiangazi

Mwaka wangu wa kwanza wa kufuga ng'ombe wa maziwa hapa Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga, nilikuwa nampa ng'ombe wangu mahindi ya kuparaza, beseni zima asubuhi na jingine jioni. Nilijiona mfugaji wa maana. Siku moja akapita bibi mmoja wa Kibondei, jirani aliyekulia kwenye zizi, nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akachungulia hori, akauliza: "Huyu naye umemsongea ugali, mwanangu? Mboga yake iko wapi?"

Nilicheka. Lakini ng'ombe alikuwa kwenye lita 7 kwa siku, na gunia la mahindi lilikuwa linaisha mbele ya macho yangu. Ilibidi nirudi kwa bibi na swali lake.

Mahindi ni ugali. Yanatia nguvu kuliko karibu nafaka nyingine zote, kwa sababu karibu asilimia 70 ya punje ni wanga. Protini yake ni asilimia 8 au 9 tu, na hata hiyo ina upungufu wa laisini na triptofani, viungo ambavyo kuku na nguruwe hawawezi kujitengenezea. Kalisi karibu haimo kabisa. Fosforasi ipo, ila sehemu kubwa imefungwa ndani ya punje na kuku hawezi kuifungua. Kwa hiyo kila unapopima mahindi, pima na mboga yake: mashudu (makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta), dagaa, soya, majani ya mikunde, pamoja na madini.

La pili nililojifunza kwa hasara ni kwamba mmea wa mahindi una vyakula vitatu, na kila kimoja kina mlaji wake. Punje ni ghali, na binadamu anazitaka: mpe kuku, ambaye tumbo lake dogo linahitaji chakula kizito. Pumba ni za ng'ombe na mbuzi. Bua, likiwa bichi au kavu, ni la ng'ombe hasa, maana tumbo lake kubwa linaweza kulivunja. Ukimpa ng'ombe punje huku bua unalichoma shambani, umepoteza mara mbili.

Kununua na kukagua

Mahindi yetu mengi hutoka Handeni na Kilindi. Yakivunwa kuanzia Julai bei hulegea, na hapo ndipo pa kununua ya miezi kadhaa kama una pa kuyaweka. Debe lililojaa kwa kilele linakaribia kilo 18 za mahindi makavu, lakini debe la pumba halifiki hata nusu ya hapo. Atakayekuuzia pumba kwa debe na mahindi kwa debe anajua anachofanya. Nunua kwa mizani.

Kabla ya kulipa, ingiza mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko. Mahindi makavu ni ya baridi na yanateleza. Ukihisi joto katikati, au vumbi la kijani au kijivu likabaki kiganjani, rudisha. Nusa pia. Harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu haiondoki kwa kuanika.

Kisha fanya jaribio la chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, utie mahindi hadi theluthi moja, uongeze vijiko vitatu vya chumvi uliyoianika juani mpaka imekuwa kama mchanga. Funga, tikisa kwa dakika moja, halafu uiache robo saa. Tazama kioo kwenye mwanga. Chumvi ikiwa imegandamana ukutani mwa chupa, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15: yaanikwe tena. Chumvi ikiwa imeporomoka yote chini na kioo kimebaki kisafi, angalau umevuka hatua ya kwanza. Kwa kuhifadhi muda mrefu lenga asilimia 13. Punje ya namna hiyo ukiiuma hukatika kwa mlio, haibonyei.

Sasa kuna jambo ambalo mfugaji wa bara anaweza kulipuuza ila wa Tanga hawezi. Hewa yetu ina maji. Gunia lililokauka vizuri Handeni likiwekwa Ngamiani au Chumbageni, mjini Tanga, kwa wiki kadhaa ndani ya kiroba cha kawaida hunyonya unyevu wa bahari, na mahindi yaliyokuwa asilimia 13 yakapanda taratibu. Ndiyo maana watu husema "niliyanunua makavu" na hawadanganyi. Weka magunia juu ya chaga, mbali na ukuta kwa shibiri mbili, au bora zaidi tumia ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, inayojulikana kama kinga njaa. Mifuko hiyo pia humuua dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi, bila dawa, kwa sababu anakosa hewa. Dumuzi, ambaye wengi humwita Scania, ameanza kutusumbua tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na mahindi aliyoyageuza unga hayana thamani hata kwa kuku. Ukitumia dawa ya unga, soma kwenye pakiti siku za kusubiri na uzifuate kwa mifugo kama unavyozifuata kwa watoto wako. Mbegu zilizotiwa dawa na kupakwa rangi nyekundu, kijani au buluu hazilishwi mnyama yeyote, hata zikioshwa mara saba.

Ukungu: hapa hakuna kubana matumizi

Kuna msemo mbaya mitaani: mahindi yakioza, "hayo ya kuku". Hapana. Ukungu unaoitwa Aspergilasi hutoa sumukuvu, hasa aflatoksini, na sumu hiyo haifi kwa kuchemsha, kukaanga wala kusaga. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walikufa Dodoma na Manyara kwa sababu ya nafaka zenye sumu hiyo. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki kwenye mahindi ya chakula ni sehemu 10 kwa bilioni, na kati ya hizo aflatoksini B1 isizidi 5. Kiasi hicho jicho halikioni.

Kuku akila sumu kidogo kidogo hafi. Anapunguza mayai, ini linaharibika, na chanjo haishiki vizuri, wewe ukidhani chanjo ilikuwa mbovu. Bata huathirika zaidi ya kuku, na vifaranga wa bata ndio wa kwanza kuonyesha. Ng'ombe hustahimili kidogo, ila sumu huvuka ikaingia kwenye maziwa ndani ya siku moja tu, kwa jina jingine, aflatoksini M1. Maziwa hayo wanakunywa watoto. Ukiacha kumlisha, maziwa husafishika baada ya siku chache, kwa hiyo ukigundua leo, acha leo.

Na punda, kwa wenzetu wa Handeni wanaowabebesha maji: ukungu mwingine wa mahindi hutoa fumonisini, ambayo hushambulia ubongo wa farasi na punda. Anaanza kuyumba, anagonga kichwa ukutani, anakufa. Punda apewe majani. Mahindi yenye shaka yasimkaribie.

Unaweza kupunguza hatari kwa mkono: pepeta, kisha chagua. Punje zilizovunjika, zilizosinyaa na zenye rangi hubeba sumu nyingi kuliko nzima, hivyo ukiziondoa umeondoa sehemu kubwa. Ulizoziondoa zifukie.

Kuku wa mayai

Kuku mmoja anayetaga hula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Kuku 100 ni kilo 12, na kilo 100 za chakula zinawatosha siku nane. Huu ndio mchanganyiko wangu wa kilo 100, wenye protini karibu asilimia 16:

Mahindi yaliyoparazwa kilo 50
Pumba za mahindi kilo 9
Mashudu ya alizeti kilo 17
Soya iliyokaangwa na kusagwa kilo 8
Dagaa waliosagwa kilo 6
Chokaa ya mifugo kilo 8.5
Mifupa iliyochomwa na kusagwa kilo 1
Chumvi robo kilo
Premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) ya kuku wa mayai robo kilo

Soya mbichi usithubutu. Ina vizuizi vinavyomzuia kuku asimeng'enye protini. Ikaange hadi iwe na harufu ya karanga na ngozi yake ianze kupasuka. Dagaa wale wa chumvi nyingi wakikuangukia, ondoa chumvi yote kwenye orodha, la sivyo kuku watakunywa maji mpaka banda lilowe. Mahindi paraza tu, usisage unga laini: unga hunata mdomoni na hupeperuka.

Kuchanganya ndiko wengi wanakoharibu. Robo kilo ya premiksi ukiimwaga juu ya lundo la kilo 100 na kukoroga, kuku wachache watashiba vitamini na wengine hawataiona. Anza kwenye beseni: premiksi, chumvi na mifupa pamoja na kilo 2 za mahindi yaliyoparazwa. Changanya kwa mikono. Ongeza kilo 10, changanya tena. Ndipo upeleke sakafuni, uisambaze juu ya vingine vyote, na ugeuze kwa koleo lundo zima kutoka upande mmoja hadi mwingine, mara nne. Ukiona mistari myeupe ya chokaa, geuza mara ya tano.

Chokaa huku kwetu si shida, nchi yenyewe kuanzia Amboni hadi Maweni imekaa juu ya mawe ya chokaa. Ila hakikisha unauziwa ya mifugo, si ile ya kupaka ukuta iliyochomwa, inayounguza.

Wateja watalalamika kwamba kiini ni cheupe. Ni kwa sababu mahindi yetu ni meupe. Rangi ya kiini hutoka kwenye mahindi ya njano na majani mabichi. Ning'iniza fungu la mchicha au majani ya lusina yaliyokauka, kiasi kidogo, na kiini kitakolea. Lusina ikizidi huwadhuru kuku.

Ukikosa kiungo kimoja na unataka kujua ubadilishe vipi, tumia hesabu ya mraba. Tuseme una mahindi ya protini 9 na mashudu ya 28, unataka 16. Toa 16 kwenye 28, unapata 12: hizo ni sehemu za mahindi. Toa 9 kwenye 16, unapata 7: sehemu za mashudu. Jumla 19, kwa hiyo mahindi ni kama kilo 63 na mashudu 37 katika mia. Hesabu ni sahihi, ila kuku hatataga vizuri kwa hayo peke yake, maana mashudu ya alizeti yana makapi mengi na laisini kidogo. Mraba unakupa protini tu. Dagaa na soya ndio wanaokamilisha.

Kuku wa kienyeji wanaojitafutia nje hawana haja ya haya yote. Konzi ya mahindi yaliyoparazwa jioni inawarudisha bandani na inawatosha. Mchwa na majani ndio mboga yao.

Ng'ombe wa maziwa na pumba

Wazee wa pwani huziita wishwa. Pumba za mashine ya kukoboa sembe zina protini kidogo kuliko mashudu lakini zaidi ya punje, na zina mafuta ya kiini cha hindi. Mafuta hayo ndiyo uzuri wake na ndiyo ubaya wake: kwa joto la Tanga pumba huanza kuchacha baada ya wiki tatu au nne. Nunua za mwezi, si za msimu. Kabla ya kununua, tia konzi kwenye glasi ya maji, ukoroge: mchanga utakaa chini, na vipande vya magunzi yaliyosagwa utaviona vimeelea, vyepesi kama maganda. Mwenye mashine mmoja aliwahi kunipa magunia matatu ya namna hiyo, sikurudi kwake.

Kwa kilo 100: pumba 55, mahindi yaliyoparazwa 10, mashudu ya alizeti 22, mashudu ya nazi 10, madini ya ng'ombe 2, chumvi 1. Protini inafika kama 15. Mashudu ya nazi nayataja kwa sababu sisi wa Tanga na Pangani tunayapata. Mtu wa Morogoro anaweza kuongeza ya alizeti. Yakinuka mafuta ya kale, yaache.

Kipimo ni hiki: lita 5 au 6 za mwanzo ng'ombe azitoe kwenye majani mazuri. Kila lita 2 juu ya hapo, mpe kilo 1 ya mchanganyiko. Anayetoa lita 12 anahitaji kilo 3, nusu asubuhi na nusu jioni wakati wa kukamua. Majani yakiwa mabovu hesabu hii haifanyi kazi, na hakuna pumba zitakazookoa.

Punje nyingi kwa mpigo ni sumu kwa ng'ombe. Naandika hivi nikimkumbuka mtamba wangu aliyefungua mlango wa stoo usiku akala mahindi karibu debe zima. Asubuhi nilimkuta amesimama mgongo umepinda, ubavu wa kushoto umejaa, hatafuni. Hadi mchana kinyesi kilikuwa uji wa kijivu wenye harufu kali ya siki, na ndani yake punje. Wanga mwingi ulikuwa umechacha tumboni na kugeuka asidi. Daktari wa mifugo alimnywesha bikaboneti na kutukataza kumpa maji mengi kwa pamoja. Alipona, ila hakupata mimba mwaka huo. Likikutokea, ondoa nafaka yote, mpe nyasi kavu, na mpigie daktari saa hiyo hiyo, usisubiri aanguke. Hata kwa kawaida, chakula cha nafaka kiongezwe kidogo kidogo kwa wiki mbili. Mbuzi ni vivyo hivyo, tena hufa upesi zaidi: mbuzi wa maziwa robo kilo ya pumba kwa siku inatosha.

Saileji: akiba ya kaskazi

Kuanzia Januari hadi mvua za masika zinapoanguka Machi, upepo wa kaskazi unakausha kila kitu. Majani ya mabingobingo yanabaki vijiti, na maziwa yanayopelekwa kwenye vituo vya kukusanyia yanapungua wakati bei ndiyo nzuri. Dawa yake ni saileji, yaani malisho mabichi yanayoshindiliwa na kuzibwa hewa isiingie: kata mahindi ya masika yakiwa mabichi, mwezi Juni au Julai.

Ng'ombe mmoja kwa kilo 20 kwa siku, siku 90, anahitaji kilo 1,800; ongeza za kuharibika, sema tani 2. Robo eka iliyotiwa mbolea na kupaliliwa inatoa hizo. Panda kwa kubana kidogo, sentimita 75 kati ya mistari na 20 kati ya mashimo, mbegu moja moja.

Wakati wa kukata ndio roho ya kazi. Vunja hindi katikati utazame punje: maziwa yawe yameganda kuanzia juu hadi nusu, na nusu ya chini bado inatoa maziwa ukiibonyeza kwa ukucha. Kisha katakata bua moja vipande vya sentimita 2, ufumbate konzi kwa nguvu nusu dakika, ufungue. Maji yakichuruzika vidoleni, subiri wiki. Donge likifumka papo hapo, umechelewa, itabidi ukatakate vidogo zaidi na kushindilia mno. Likikaa kidogo kisha likafunguka polepole kama kitu kinachoamka, ita watu kesho yake.

Kata, katakata, shindilia, ziba, vyote ndani ya siku moja au mbili. Hewa ndiyo adui. Molasi haihitajiki, mahindi yana sukari yake.

Wapi pa kuwekea? Vitabu vingi vinachora shimo. Lakini fanya hesabu: shimo la mita 3 kwa 1.2 kwa kina cha mita 1 linabeba karibu tani 2, na ng'ombe mmoja akila kilo 20 kwa siku unakata kama sentimita 3 tu za uso wake. Joto letu linaharibu uso huo haraka kuliko ng'ombe anavyoula; inatakiwa ukate angalau sentimita 15 kwa siku. Mwenye ng'ombe mmoja hadi watatu, kama mimi, atumie mifuko ya nailoni nene ya kilo 40 au 50, iliyoingizwa ndani ya kiroba ili isipasuke. Ukifungua mmoja unakwisha siku mbili. Shindilia kwa magoti tabaka kwa tabaka, toa hewa, funga shingo kwa kamba ya mpira, uupindue mdomo chini. Panya ndiye mkaguzi wako, tundu moja mfuko mzima umekwenda. Shimo waachie wenye ng'ombe wengi.

Baada ya wiki sita fungua. Nzuri ina rangi ya zeituni na harufu ya achari ya embe. Ikinuka siagi iliyooza, imelowa. Ikiwa kahawia na harufu ya tumbaku, imeungua. Yenye ukungu mweupe au buluu toa yote utupe. Lisha baada ya kukamua, si kabla, maana maziwa hushika harufu upesi.

Mabua makavu

Yaliyobaki baada ya kuvuna punje yana protini ya asilimia 4 tu, lakini yapo bure. Yakatekate, na kama una nguvu ya kazi yatie urea: kilo 4 za urea zilizoyeyushwa vizuri katika lita 50 za maji kwa kila kilo 100 za mabua makavu. Nyunyizia tabaka kwa tabaka, shindilia, funika nailoni siku 21. Ukifungua, acha yapigwe hewa siku nzima mpaka macho yasiwashe. Maji ya urea yaliyobaki kwenye ndoo yamwage mbali. Ng'ombe akiyanywa hafiki jioni. Ndama wa chini ya miezi sita na punda wasipewe.

Kwa wanaofuga nguruwe Korogwe na Lushoto: mahindi yanaweza kuwa zaidi ya nusu ya chakula, ila bila soya au dagaa nguruwe atanenepa mafuta na kuchelewa kukua.

Baada ya kubadili chakula chochote, mimi hutazama kinyesi kabla ya kukamua kwa siku kumi. Kikikaa kama chapati nene yenye vibonyeo, nimefika. Kikitiririka, napunguza nafaka kwa kilo moja na kuongeza nyasi. Nikiona punje nzima ndani yake, napeleka mahindi yaliyobaki mashineni yaparazwe tena, kwani hizo ni shilingi zangu zimepita ndani ya ng'ombe bila kugeuka maziwa.